Petroli ya ziwa: namba za kisima ziko wapi?

Vijana wenzetu wa Bunia, wa Beni, wa Butembo, wa Goma, na nyinyi wa mbali munaosoma hii ku simu yenye mega za kuazima,

Kuna hadithi munaijua wote. Imetembea ku moto, imetembea ku soko, imelala ku pirogi za Kasenyi na Tchomia, imerudi mjini ikiwa imenenepa. Inasema hivi: Uganda wanatoboa kisima ku upande wao wa Ziwa Albert, lakini bomba linapinda chini ya maji, linavuka mpaka, linakunywa petroli yetu sawa vile mtoto anaingiza mrija wake mu glasi ya mwenzake. Wavuvi wanasema usiku wanaona taa za ng'ambo. Ukiuliza mutu, "Umejua namna gani?" anakujibu: "Lakini kila mutu anajua!"

Leo tunasema mambo mawili, na tunajua hayatapendeza kila mutu. La kwanza: ile hadithi, vile inasimuliwa, hakuna mutu mwenye kuishika mkononi. La pili: wa kulaumiwa si mvuvi anayeisimulia. Wa kulaumiwa ni Leta yetu, ambayo ilipashwa kuwa na jibu miaka mingi iliyopita, na haina hata karatasi ya kutuonyesha.

Wanne kati yetu tuna lisansi ya jeolojia. Mmoja anaendesha moto, mmoja anauza mega, wawili tunangojea. Kwa hiyo ruhusa: tutaeleza kidogo, sababu bila kuelewa namna kisima kinapimwa, tutaendelea kupiga kelele bila kujua tunadai nini.

Kisima cha petroli hakishuki tu chini sawa kamba yenye jiwe. Siku hizi wanakipinda kwa makusudi. Wanaanza wima, kisha wanageuza polepole, mpaka bomba linalala karibu sawa na ardhi na kutembea kilometa nyingi pembeni. Ku Sakhalin, Urusi, wamesimama pwani na kufika zaidi ya kilometa 12 chini ya bahari. Sasa, ile mashine ya juu, hakuna macho yanayoona kilometa 2 chini. Namna gani mwenye kutoboa anajua bomba lake liko wapi? Anajua kwa namba tatu, na tunaomba muzishike kichwani. Ya kwanza ni urefu wa bomba lililoingia. Ya pili ni pembe: bomba limeinama digrii ngapi kutoka wima. Ya tatu ni mwelekeo: limeelekea digrii ngapi kutoka kaskazini, ile ku shule walituita azimuti.

Nyuma kidogo ya meno yenye kutoboa kuna bomba fupi lenye vyombo vidogo ndani. Vingine vinaitwa akselerometri. Vinasikia uzito wa dunia unavuta upande gani, na kutoka hapo pembe inajulikana. Vingine vinaitwa manyetometri. Vinasikia sumaku ya dunia sawa vile busole inafanya, na kutoka hapo mwelekeo unajulikana. Karibu kila mita 30, wakati wa kuunga bomba jipya, wanasimama kidogo na kupima. Namba zinapanda juu bila waya: ku aina inayotumika sana, kidude ndani ya bomba kinabana na kuachia lile tope la kutobolea, linapiga-piga, na mashine ya juu inasoma yale mapigo. Mababu zetu wangeelewa haraka, sababu ni lokole tu, ila inapigwa chini ya ardhi.

Kisha ni hesabu, na hesabu yenyewe haiogopeshi. Bomba likiwa limeinama digrii 60, ukilisukuma mita 30, umeshuka mita 15 na umekwenda pembeni karibu mita 26. Unaongeza kipande ku kipande, unasawazisha ile mikunjo ya katikati, na mwishoni uko na njia yote ya kisima: kilianzia hapa, kilipita pale, kimeishia kule. Tumeijaribu sisi wenyewe na kisima cha kubuni, ku kompyuta moja ya zamani, ku Eksel, kabla ya moto wa umeme kukatika. Saa mbili ilitosha. Haikuhitaji mtaalamu kutoka Ulaya mwenye kofia ya njano.

Lakini vyombo vinadanganywa pia. Chuma kinadanganya manyetometri. Ndiyo maana vinawekwa ndani ya mabomba ya madini yasiyoshika sumaku, na karibu na visima vingine vyenye mabomba ya chuma inafaa kuleta jiroskopi, ambayo haina shida na sumaku. Halafu kuna kaskazini ya busole, kuna kaskazini ya kweli, kuna kaskazini ya ramani, na hizi tatu si ndugu wa tumbo moja. Mutu akikupatia jedwali la namba bila kusema alitumia kaskazini gani na chombo gani, amekupatia karatasi ya kufungia karanga. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 2 tu, kisima chenye kwenda kilometa 4 pembeni kinaishia karibu mita 140 mbali na pale unafikiri.

Munaweza kusema: mambo ya digrii yanatuhusu nini, sisi wenye kutafuta maji ya kunywa? Sawa, tuzungumze maji.

Katika kartye moja ya mji wetu walileta foraji ya maji. Hatutataja nani, si yeye peke yake anafanya vile. Kulikuwa na picha, kulikuwa na utepe wa kukata, mama zetu walicheza. Miezi michache baadaye pompe ikaanza kulia sawa mlango wa zamani, kisha ikakufa. Fundi aliyeifungua akatuonyesha fimbo za ndani: zimesuguliwa upande mmoja mpaka zimekuwa nyembamba. Shimo lilikuwa limepinda. Kila mara mama aliposukuma ule mkono, chuma kilikuwa kinasugua chuma huko chini. Na kupima kama shimo la maji limenyooka hakuhitaji hata zile mashine tumeeleza. Unafunga kipande kirefu cha bomba lililonyooka ku kamba, unakiteremsha. Kikishuka mpaka mwisho, vizuri. Kikikwama, unamuambia mwenye kutoboa: rudi kazini, hatusaini. Hakuna aliyeteremsha lile bomba. Aliyesaini kupokea kazi alitazama maji yanatoka, akapiga picha, akaenda. Leo wale mama wanarudi ku chemchemi na bidoni ya lita 20.

Basi, Leta isiyoteremsha kipande cha bomba ndani ya foraji ya kartye, ndiyo tunaingojea itulindie petroli chini ya ziwa?

Turudi ku ziwa. Ng'ambo, ku tambarare ya Buhuka, kuna uwanja wa petroli unaoitwa Kingfisher, unaoongozwa na kampuni ya Wachina CNOOC. Utobozi ulianza Januari 2023. Mpango wao ni visima 31 kutoka vituo vinne vya pwani. Petroli yenyewe kwa sehemu kubwa iko chini ya maji, kwa hiyo visima vinatoka pwani na kupinda kuelekea chini ya ziwa. Kuelekea ziwa maana yake ni kuelekea upande wetu. Hii haikufichwa: imeandikwa wazi ku mipango yao. Hapo hadithi ya mrija ilipata miguu, na hatushangai.

Lakini chukueni ramani. Pale ziwa liko na upana wa karibu kilometa 30, na mpaka unapita katikati. Kutoka pwani yao mpaka ule mstari ni mwendo mrefu kuliko ule ambao visima vya namna hii kwa kawaida vinatembea. Tunasema hivi juu ya ukweli, hata kama kuna watakaosema tumelipwa na Kampala. Hatujaona ushahidi wowote kwamba kisima kimevuka. Mwenye nao aulete, tutauweka hapa hapa ku hii ukurasa.

Na sasa geuzeni swali. Nani mu Kongo anaweza kusema kwa namba kwamba hakijavuka? Sisi hatuwezi. Mbunge wetu hawezi. Tumeuliza ofisi moja, tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika, tukaambiwa aliyepokea barua amehamishwa. Ramani na akili vinatuambia "pengine hapana". Ni jedwali la namba tatu tu linaloweza kutuambia "hapana" kamili, na hakuna ofisi ya Leta yetu iliyotuonyesha hata mstari mmoja wa lile jedwali.

Kuna jambo lingine ambalo hadithi ya mrija inaficha. Petroli haikai mu shimo sawa maji mu bidoni. Iko ndani ya vitundu vidogo vya mawe, na ukipunguza nguvu upande mmoja, inatembea yenyewe kuja kwako. Kama mwamba mmoja unalala pande mbili za mpaka, jirani anaweza kutoboa wima kabisa, ndani ya uwanja wake mwenyewe, bila kuvuka hata sentimita, na petroli ya upande wako ikamfuata. Kwa hiyo kelele ya "wanapinda!" haitoshi. Unapashwa kujua kisima kimefika wapi, na pia mwamba unaishia wapi. Mutu asiyejua la kwanza hawezi hata kuanza kuuliza la pili.

Inchi zingine zimelipa bei ya kutojua. Ku Texas ya mashariki, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walikuwa na visima vyao vilivyokauka pembeni ya uwanja mkubwa wa petroli. Ajabu, vile visima vikavu vikawa vinatoa petroli kila siku! Wakaguzi walipoingiza vyombo vya kupima pembe, wakakuta zaidi ya visima 300 vilikuwa vimepindishwa kuingia chini ya ardhi ya wengine. Miaka mingi watu walinong'ona ku baa sawa vile sisi tunanong'ona ku moto. Minong'ono haikufunga kisima hata kimoja. Vilifungwa na pembe zilizopimwa.

Na ku 1990, Iraki iliishitaki Kuwait kwamba inatoboa visima vya kupinda kuingia mu petroli ya Rumaila. Kuwait ilikataa. Tarehe 2 Agosti mwaka ule, vifaru vya Iraki vikaingia Kuwait. Hatusemi vita ilikuwa juu ya pembe ya kisima tu. Kulikuwa na madeni, kulikuwa na bei ya petroli, kulikuwa na tamaa. Lakini mwenye kutaka vita alipata neno la kusema, sababu lile neno lilikuwa linaelea hewani.

Sisi wa Ituri tunajua neno lenye kuelea linafanya nini. Watu wetu wamekufa juu ya "inasemekana". Agosti 2007, ku kisiwa kidogo cha Rukwanzi, askari wa pande mbili walipigana, na Mwingereza mmoja aliyekuwa anafanyia kazi kampuni ya kutafuta petroli akauawa ndani ya ziwa. Kila mmoja alisema mwenzake amevuka mpaka. Hakukuwa bado na kisima hata kimoja cha kutoa petroli. Fikirini leo, na visima, na feza, na wavuvi wetu wanaokamatwa ku maji kila mara.

Na karatasi za kuomba zile namba si kwamba hazipo. Ku 1990, inchi yetu ikiitwa Zaire, Kinshasa na Kampala walisaini mapatano ya kushirikiana kutafuta petroli na kutumia pamoja viwanja vilivyolala pande zote mbili. Mwezi mmoja kisha Rukwanzi, Septemba 2007, marais wawili walikutana Ngurdoto karibu na Arusha, wakasaini tena: mpaka upimwe, petroli ya pamoja izungumzwe. Mtoto aliyezaliwa siku ile amekuwa kijana mwenye kura. Yeye pia anangojea.

Eti ni vigumu kuomba jirani mambo ya siri ya kampuni. Vigumu? Tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda limeingia ku inchi yetu kwa mapatano ya serikali mbili. Walipata njia ya kupitisha vifaru. Walipata njia ya kupitisha malori ya askari. Jedwali lenye safu tatu za namba, lenye kuingia mu klefu ya USB, ndilo limekosa njia ya kupita Kasenyi?

Ukweli tunaufikiri ni huu: namba hazikuombwa sababu hakuna anayezihitaji. Mkubwa wa Kinshasa anahitaji bloku za kuuza, haulizi chini kuko nini. Julai 2022 walitangaza mnada wa bloku 27 za petroli na 3 za gazi, na kelele nyingi, na hotuba. Oktoba 2024 mnada wa petroli ukafutwa. Katikati, hatukusikia hata siku moja mutu akisema: hii ndiyo timu ya Wakongomani itakayosoma vipimo vya visima, hii ndiyo sheria itakayolazimisha kila kampuni kuvileta. Petroli inatolewa Muanda tangu 1975. Miaka mingi hivyo, na sisi tumemaliza jeolojia ku universite bila kugusa chombo kimoja cha kupima kisima. Profesa alituchorea kwa chaki. Alichora vizuri, masikini, lakini ilikuwa chaki.

Kesho watarudi na mnada mwingine, na kampuni zitakuja ku upande wetu wa ziwa. Nani atakuwa ku kituo akihesabu mita? Kama ni kampuni peke yake inayojua bomba lake limefika wapi, basi ni kampuni peke yake inayojua imetoboa ndani ya bloku gani, na Leta itasaini sawa vile ilisaini pompe ya kartye.

Kwa hiyo hatuombi vita na Uganda. Vijana wa Hoima na Kikuube, wenye kupotezewa mashamba na nyavu juu ya ile petroli, ni wenzetu. Hata wao wangefurahi kuona zile namba. Tunadai Kinshasa itumie karatasi ilizozisaini: iombe kwa maandishi vipimo kamili vya kila kisima chenye kuelekea ziwa, pamoja na chombo kilichotumika na kaskazini iliyotumika, na itangaze jibu, hata jibu likiwa kukataliwa. Kukataliwa pia ni habari. Tunadai ku tume ya pamoja ya mpaka na petroli wakae Wakongomani wenye kujua kuhesabu, na wengine wao watoke Ituri, si watoto wa wakubwa wanaokuja kuchukua peridiem na kulala otelini. Tunadai sheria iseme wazi kwamba hakuna kisima, cha petroli, cha madini au cha maji, kinapokelewa ku inchi hii bila vipimo vya njia yake kuwekwa mahali raia anaweza kuvisoma. Na mashirika yanayotuletea foraji, nyinyi pia: teremsheni lile bomba kabla ya kukata utepe.

Kwa nyinyi vijana, kazi ya wiki hii ni ndogo. Wabunge wanakuja mjini wakati wa vakansi ya bunge, wanakunywa, wanasalimia. Musiwaulize juu ya mrija, watacheka na kuwaambia ni uzushi, na mutakuwa mumewapatia mlango wa kutokea. Waulizeni hivi, na simu ikiwa inarekodi, kwa heshima: "Mheshimiwa, Leta yetu imeomba Uganda vipimo vya pembe na mwelekeo vya visima vya Kingfisher, ndiyo ao hapana? Kama ndiyo, barua ni ya tarehe gani?"

Mutuletee majibu, tutayaweka hapa moja moja, na jina la mwenye kujibu.